Umefungua injini ya Harley kubadili tenshena, je uweke na kemu mpya?

Wadau, hii ni kwa wenzangu wenye Harley za Twin Cam 88, yaani modeli za 1999 mpaka 2006. Road King yangu ni ya 2003, ya kabureta, imeshavuka maili 40,000, na sasa hivi iko gereji hapa Houston kava ya kemu ikiwa chini. Nilichofuata ni tenshena tu, yaani vile vikaza cheni za kemu, ila swali lililonikaa kichwani ni moja, maadamu nimeshafika huko ndani, kemu za kiwandani, yaani zile shafti zenye pua zinazofungua vavu, nizirudishe au ndo wakati wa kuweka zingine?

Nianze na tenshena maana hizo ndo zinatufanya wengi tufungue. Twin Cam ina kemu mbili zinazozungushwa na cheni mbili, ya nje inatoka kwenye krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwenda kemu ya nyuma, ya ndani inaunganisha kemu kwa kemu. Kila cheni inakandamizwa na kiatu cha plastiki chenye springi kali, hicho ndo tenshena, na cheni za miaka ile sio za rola, ni zile za vibamba vilivyopangana, kwa hiyo zinakula plastiki taratibu kila unapoendesha. Kiatu cha nje ukitoa kava unakiona hapo hapo. Cha ndani kimejificha nyuma ya pleti ya kemu, huwezi kukikagua mpaka pleti itoke, na ndo maana mtu anaangalia cha nje anaona kizima anafunga anaondoka na hatari bado iko ndani. Changu cha ndani kina mifereji miwili, nikipitisha ukucha unanasa, na ukingo mmoja umeshaanza kumeguka. Sasa hivyo vipande vinaenda wapi? Vinaenda kwenye oili pampu na kwenye njia za oili. Plastiki ikiisha kabisa cheni inaanza kula chuma, na hicho chuma kinazunguka na oili injini nzima. Harley wenyewe walishaachana na hizo springi, modeli zao za Dyna za 2006 zilitoka na tenshena za haidroliki, yaani zinazosukumwa na presha ya oili, na 2007 zikafuata Twin Cam zote.

Kwa hiyo mimi hapo sikuwa na mjadala, naweka pleti ya haidroliki na cheni za rola. Mjadala uko kwenye kemu, na hapa ndo naona watu wengi wanapotea kwa sababu wanahesabu hela vibaya. Mtu anasema "si nishafungua bwana", anakimbilia kemu, alafu beringi za ndani anarudisha zile zile na pampu haiangalii. Hapana. Beringi za ndani za kemu za miaka ile rola zake ni chache na zinakaa kwenye keji, ikivunjika moja umepoteza injini, na za kubadilishia zilizojaa rola ni bei ndogo sana ukilinganisha na kila kitu kingine hapo. Zinahitaji pula maalumu kuzitoa kwenye kesi, iazime au ikodi, usijaribu kuzing'oa na bisibisi. Alafu lifta, zile zinazokaa juu ya pua za kemu na kunyanyuliwa nazo, kwa maili hizi nabadilisha zote nne. Alafu pampu, ukiifungua iangalie kama ina michirizi, na wakati wa kufunga pleti zungusha injini taratibu huku unakaza bolti ili pampu ijikalishe katikati. Hivyo vyote vikishalipiwa, ndo uangalie kama mfukoni kimebaki kitu cha kemu. Kama hakijabaki, rudisha za zamani kwa amani kabisa, mradi pleti mpya uliyonunua inazikubali, na ukizimulika na taa zisiwe na mashimo wala mikwaruzo kwenye pua zake, utaendesha miaka.

Sasa tuseme hela ipo. Kemu gani?

Kuna jamaa yangu wa Dallas aliweka kemu kubwa kwenye 88 ambayo pistoni na hedi ni za kiwandani. Sauti nzuri, hilo sibishi, ila ukitoka kwenye taa unaisikia imelegea, inaamka ukishapita mizunguko 3,500 hivi kwa dakika. Sababu yake haiko kwenye kimo cha kunyanyua vavu ambacho kila mtu anakitaja, iko kwenye ni lini vavu ya kuingiza inafunga. Vavu ya kuingiza haifungi pistoni ikifika chini, inafunga pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Injini ikiwa kwenye mzunguko mkubwa hewa ina kasi, inaendelea kujipakia ndani hata pistoni ikipanda, hapo kuchelewa kufunga kunakupa nguvu. Ila kwenye mzunguko mdogo hewa haina kasi, pistoni inairudisha ilikotoka, ni kama konda aliyechelewa kufunga mlango abiria wakashuka. Compresheni ya 88, yaani jinsi pistoni inavyobana hewa, ni karibu 9 kwa 1 tu, ukiipunguza tena kwa kemu inayochelewa kufunga unabaki na nini huko chini?

Mimi hii pikipiki ina zaidi ya kilo 300, mara nyingi mama watoto yuko nyuma na mabegi yamejaa tukienda Galveston, na maili 65 kwa saa kwenye gia ya 5 injini inazunguka kama 2,750. Hapo ndo maisha yangu yalipo, kati ya 2,000 na 3,500. Nguvu ya 5,000 siitumii. Kwa hiyo nikaangalia namba moja kwenye karatasi za kemu, digrii za kufunga vavu ya kuingiza, na nikabaki na zile zinazofunga mapema, digrii 30 na kidogo baada ya pistoni kufika chini. Zinazofika 40 na kupanda niliziacha, hizo zinataka pistoni za compresheni ya juu au hedi iliyochongwa, na hiyo ni safari nyingine ya hela.

Nimechagua kemu za kampuni ya Andrews, namba 21. Kunyanyua kwake hakufiki inchi 0.500, springi za vavu za kiwandani zinaitosha, hedi sigusi. Na kilichonisukuma zaidi kusema ndiyo ni pushrodi, zile fimbo zinazotoka kwenye lifta kwenda juu kusukuma roka zinazofungua vavu. Ukitaka kurudisha pushrodi za zamani inabidi utoe tanki na masanduku ya roka, kazi kubwa. Ukizikata na kuweka za kurekebishika, juu huko hufungui kabisa, na muda uliouokoa unalipia sehemu ya kemu.

Gia badala ya cheni nilizifikiria pia maana ukiweka gia habari ya tenshena inakufa moja kwa moja, ila krenki lazima iwe imenyooka, S&S, watengenezaji wa hizo gia, wanataka isipepesuke zaidi ya inchi 0.003, na krenki hizi ni za kushindiliwa, zinaweza kuhama. Nimebaki na cheni.

Kaka zangu wa Boxer na TVS huko nyumbani, kwenu kemu iko juu kwenye hedi, ukibadili cheni ya taiming angalia na pua za kemu na roka, ila kwa pikipiki ya kubeba mizigo na abiria wawili ningeweka kemu ile ile ya kiwandani, mpya.

Kilichobaki kwangu ni jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima mafuta, naona slow (ya mzunguko mdogo) itapanda saizi moja na main (ya mzunguko mkubwa) nitaamua baada ya kusoma plagi, yaani kuangalia rangi yake. Wenye injeksheni nyie mtahitaji kupanga upya mapu ya mafuta, hiyo iwekeni kwenye bajeti kabla ya kununua kemu. Oili ya kwanza naimwaga mapema, maili 500 hivi, na filta naikata nione kama kuna plastiki iliyobaki. Kama kuna mtu ameweka 21 kwenye 88 ya kabureta na anabeba mtu nyuma mara kwa mara, aniambie main alitumia saizi gani.