Siku moja kliniki: sindano ya kulaza homoni

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya kuita wagonjwa naangalia kipimajoto cha kabati la dawa. Goserelini, dawa ya sindano inayolaza homoni za kike, haitakiwi kuzidi nyuzi 25, na kwa joto la Dar es Salaam, umeme ukikatika usiku ni tatizo.

Saa 2:30. Dada mwenye endometriosisi (tishu kama za ukuta wa kizazi zinazoota nje yake) anaanza leo, siku ya pili ya hedhi. Kipimo cha mimba tunafanya hata hivyo. Kwenye maelezo siharakishi: wiki ya kwanza na ya pili homoni hupanda kwanza, ndipo ovari (vifuko vya mayai) zinyamaze. Maumivu yanaweza kuzidi, damu ikatoka tena. Asiyeambiwa hili mapema huona dawa imemdhuru, na harudi.

Saa 3:00. Anaegemea, kifua kimeinuliwa kidogo. Nasafisha tumbo chini ya kitovu. Kipandikizi cha goserelini cha miligramu 3.6 kinaonekana kwenye kidirisha cha bomba, kama punje ya mchele. Bomba hili halitolewi hewa kama mengine. Ukisukuma, punje inahama. Nabana ngozi, sindano inaingia kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 45, nasukuma hadi mwisho. Damu ikionekana ndani ya bomba, umetoboa mshipa: chomoa, kandamiza, tumia bomba jipya mahali pengine.

Saa 5:00. Mama mwenye fibroidi (uvimbe wa kizazi) anayesubiri upasuaji, sindano ya tatu. Hedhi imekata, hivyo vidonge vya madini chuma vimepata nafasi ya kupandisha damu. Uvimbe umepungua, lakini akiahirisha upasuaji na kuacha sindano, utakua tena ndani ya miezi michache.

Saa 7:00 mchana. Mgonjwa mwingine, sindano ya tano, na malalamiko ni yale yale ya wengi: joto la ghafla, jasho usiku, ukavu ukeni. Ameacha noretisteroni, kidonge cha homoni cha miligramu 5 kwa siku, akidhani homoni inaua kazi ya sindano. Kosa hili naliona mara nyingi, nalo linaniuma, kwa sababu kisichoonekana ni mifupa inayopungua. Kidonge hicho kinailinda mifupa na kupunguza joto bila kuamsha ugonjwa. Bila kinga hiyo, sindano hazivuki miezi 6.

Saa 9:30. Daftari. Tarehe ya kila mmoja ni siku 28 mbele, siyo "mwezi ujao". Akichelewa, ovari zinaweza kuamka na mimba ikaingia, maana sindano hii si uzazi wa mpango; kila mmoja anaondoka na kondomu. Wanaotakiwa kuchomwa wiki hii nawapigia simu kabla sijafunga kabati.