Sahihi ya mke wa muuzaji

Juzi usiku binti wa kaka, yule wa bandarini, kanitumia ujumbe: "Shangazi shikamoo. Nimepata nyumba Chanika, mwenyewe ana haraka ya pesa. Dalali anasema mkewe hahusiki kwa kuwa karatasi zote zina jina la mume. Ni kweli?"

Nilianza kumwandikia jibu, nikaacha, nikampigia. Si kweli, na jibu lenyewe halina urefu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa, kuiweka rehani, kuipangisha au kuitoa zawadi bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja. Mke anaweza kwenda kuweka zuio, yaani pingamizi la kulinda haki yake, kwa Msajili wa Hati. Na wewe mnunuzi ukinunua hali unajua kuna mke asiyeridhia, nyumba unaipata na yeye humo ndani, maana haki yake ya kukaa haiondoki kwa sababu mumewe kapokea pesa.

Akaniuliza, "Kwa hiyo mkewe akisaini basi, nipo salama?" Hapo ndipo nilipokaa kimya kidogo, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Nyumba hii ya Tabata mnaijua. Nimewaandikia habari za mwembe wake, za mafuriko ya mtaa wa chini, za fundi aliyetukimbia na pesa ya bati. Siku niliyoinunua sijawahi kuisimulia.

Ilikuwa 2013. Baba watoto alikuwa Mtwara kikazi, mkopo wa SACCOS umetoka, na mimi nazunguka na madalali kila Jumamosi. Nyumba ikapatikana, ina hati ya miaka 33 ambayo muda wake ulikuwa bado. (Ardhi ya nchi hii yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake. Tunachouziana sisi ni haki ya kuikalia kwa muda ulioandikwa, pamoja na kilichojengwa juu yake. Wengi wanashtuka wakisikia hivi, na wanasikia wakiwa wameshalipa.) Wakili wangu, kijana ambaye ndiyo kwanza kafungua ofisi, akafanya upekuzi kwa Msajili: jina ni la muuzaji kweli, yule mzee, hakuna rehani ya benki, hakuna zuio, kodi ya pango la ardhi haidaiwi. Nikapita kwa majirani kuuliza mipaka. Serikali ya mtaa wakataka asilimia kumi yao ya bei, ile iliyozoeleka kila mahali na ambayo sijawahi kuonyeshwa sheria yake. Wakili akawajibu kwa barua, wakanyamaza. Ushuru wa stempu, asilimia moja ya bei, nikaubeba mimi. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia kumi ya faida, tukakubaliana ni ya muuzaji. Kote huko kulikwenda vizuri.

Siku ya kusaini tukakutana ofisini kwa wakili, chumba kimoja ghorofa ya pili, feni ya mezani inageuka upande mmoja tu. Mzee kaja na dalali. Wakili akapanga karatasi mezani: mkataba wa mauziano, kwa sababu Sheria ya Ardhi haiutambui uuzaji wa mdomo, fomu za uhamisho, na picha za pasipoti zimeshabanwa juu. Halafu akauliza, "Mzee, mama yuko wapi?"

Dalali akadakia, "Mama hana neno, wakili. Wameshaongea nyumbani."

Wakili akaifunika kalamu yake. "Basi aje aniambie na mimi."

Mzee akatoka kwenda kupiga simu. Tulikaa mpaka adhuhuri ikapita. Mama alipoingia alikuwa na kanga mbili na kipochi cha mkononi, kajipaka mafuta uso mzima kama mtu anayekwenda kwenye shughuli. Nikasimama nikamwamkia, akaniitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti nzuri tu, akaketi kiti cha pembeni, karibu na mlango. Wakili akamwomba asogee mezani. Akasogea.

Fomu ya ridhaa ya mwenza ni ukurasa mmoja. Wakili akamsomea taratibu, kila sentensi anamweleza kwa Kiswahili cha kawaida: kwamba yeye ni mke wa ndoa wa muuzaji, kwamba anajua nyumba inauzwa, kwamba anajua bei, kwamba hakuna aliyemlazimisha. Alipofika kwenye bei yule mama aligeuka akamtazama mumewe. Sikuelewa alichokuwa anakitafuta usoni kwake. Mzee alikuwa anatazama feni.

"Na mie nitakaa wapi?" akauliza.

"Si tunakwenda Mkuranga," mzee akajibu. "Kwenye shamba."

"Shamba lina nyumba?"

"Itajengwa. Pesa si ndiyo hii."

Wakili akaweka karatasi chini. Alikuwa kijana, lakini hilo alilisema vizuri, mpaka leo namheshimu kwa hilo. "Mama, nisikilize. Huna lazima. Ukisema hutaki, leo hakuna nyumba inayouzwa hapa, na hakuna atakayekufanya kitu."

Yule mama hakumjibu haraka. Alifungua kipochi chake, akatoa miwani, akaivaa, ingawa karatasi haikuwa mbele yake. Akazungumza kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto wake.

"Mwanangu, nikikataa humu ndani, nje natoka na nani?"

Hakuna aliyesema neno. Dalali alitazama simu yake. Mimi nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja, bahasha ya pesa ya malipo ya kwanza iko mapajani, na nilikuwa naitaka nyumba ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Yule mama akaivuta fomu, akaandika jina lake lote, majina matatu, herufi zimesimama moja moja kama za shule ya msingi. Wakili akamwuliza tena, "Ni kwa hiari yako, mama?" Akasema, "Andika hivyo." Wakili akagonga muhuri wake wa kamishna wa viapo, tarehe, sahihi.

Nililoweza kulifanya nililifanya pale pale. Nikasema malipo ya mwisho, theluthi iliyobaki, nitayatoa wakishahama, na stakabadhi yake isainiwe na wote wawili, mzee na mama, mbele ya wakili. Mzee akakunja uso. Dalali akaninong'oneza kwamba hayo si ya mnunuzi. Huenda ni kweli. Sheria haikunitaka niulize pesa ikitoka mkononi mwangu inaingia mkoba gani. Mzee alikubali kwa sababu haraka ilikuwa ya kwake. Miezi mitatu baadaye wakahama, wakaja wote wawili, wakasaini, pesa akaipokea mzee. Kutoka pale hadi Mkuranga sijui ilifikaje.

Uhamisho ukakamilika, hati ikarudi ina jina langu na la baba watoto, yote mawili. Hilo la majina mawili nililisisitiza mimi, na baba watoto alicheka akisema yeye hauzi nyumba. Nikamwambia najua.

Baadaye nilianza kuuliza maswali ambayo mnunuzi hana sababu ya kuyauliza akishapata hati. Nikasoma habari za Bi Hawa Mohamed, kesi yake na aliyekuwa mumewe, Ally Sefu, iliyofika Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Kesi hiyo ndiyo iliyothibitisha nchini kwetu kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa, na hadi leo mawakili wanaitaja kila mke anapodai chake. Wachache wanataja kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufaulu. Mahakama iliona ameshapewa fedha na mumewe wakati wa ndoa na hakuziendeleza. Kanuni aliyoipigania imewafaa wanawake wengi, yeye akarudi mikono mitupu. Nilipoisoma nilimfikiria yule mama na majina yake matatu.

Binti wa kaka nilimweleza yote haya. Nikamwambia aende Chanika bila dalali, siku ambayo mume hayupo, aketi na yule mke, amwulize anahamia wapi na kama pameshajengwa. Akaniuliza, akiniambia hapana je? Nikamwambia aiache nyumba. Akaniuliza tena, akiniambia ndiyo na uso unasema hapana? Hilo sikuwa na jibu la kumpa, na sitaki kujifanya ninalo. Nyumba nzuri ya bei ile haipatikani kila siku, na asiponunua yeye atanunua mwingine ambaye hatauliza chochote.

Wakili wangu sasa ana ofisi kubwa na vijana chini yake. Nilimpitia mwezi uliopita kwa shughuli nyingine, tukakumbushana siku ile. Kumbe na yeye hakuisahau. Aliniambia tangu hapo ana utaratibu wake mwenyewe, haumo kwenye sheria yoyote: wenzi wakija kusaini, mwenye jina kwenye hati anatolewa nje kwanza, mwenzake anabaki ndani peke yake, mlango unafungwa. Nikamwuliza kama kuna aliyewahi kukataa baada ya mlango kufungwa.

Akasema yupo mmoja. Alikataa kabisa, akaondoka bila kusaini. Wiki iliyofuata alirudi na mumewe, akasema amebadili mawazo, na alipotakiwa kubaki ndani peke yake akasema haina haja.