Wakaulizana Habari, Kisha Wakaingia Hemani

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili liko Kutoka 18:1–12. Naomba mlisome lote kabla ya kuendelea, maana mimi nitalizunguka tu, sitalifuata mstari kwa mstari.

Jumamosi iliyopita nilikutana na watu niliosoma nao. Miaka 27 imepita tangu tuagane langoni, kila mtu na sanduku lake na ahadi ya kuandikiana barua ambazo hazikuandikwa. Tulifika 19. Mwanzoni ilikuwa kazi kutambuana, nywele zimeondoka, miili imeongezeka, lakini mtu akicheka tu unamjua papo hapo ni nani na alikaa dawati gani. Cheko halizeeki. Tukaomba, tukawataja wenzetu waliotangulia, kisha aliyekuwa kiranja wetu, ambaye hajaacha kushika saa za watu, akatangaza kwamba kila mmoja atajieleza kwa dakika tatu: baada ya shule ulielekea wapi, na sasa unafanya nini.

Wa kwanza ni mhandisi wa barabara. Makofi. Wa pili ni muuguzi, miaka mingi yuko wodi ya wagonjwa mahututi. Makofi. Mwingine anaendesha malori ya safari ndefu, mwingine anafundisha hesabu, huyu ambaye alikuwa akinakili hesabu zangu kila asubuhi kabla ya kengele, na mpaka leo sijaelewa imekuwaje. Ilipofika zamu yangu nikasema nilianza ukarani, nikasomea uhasibu, nikapandishwa cheo, sasa naongoza kitengo. Sentensi nne, zote za kweli. Nikapigiwa makofi, nikakaa.

Aliyenifuata ni dada mmoja aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko sote, ndiye aliyeandikia walimu ubaoni. Alisimama nusu tu, mkono mmoja bado uko kwenye kiti. "Mimi sikufanya kazi," akasema. "Nilimuuguza mama miaka tisa, akafariki. Basi."

Kiranja akasema pole sana. Akatazama saa. "Anayefuata?" Nasi tukageuza shingo kwa anayefuata.

Nimelala na jambo hilo juma zima. Ndilo lililonipeleka kwa Musa na Yethro, mkwewe.

Yethro alimjua Musa kabla hajawa Musa huyu tunayemwimba. Alimjua akiwa mkimbizi aliyekaa kando ya kisima, akamwoza binti yake, akampa kondoo awachunge. Stefano, katika Matendo 7, anataja miaka 40 ya Midiani. Miaka 40 ya kondoo wa mtu mwingine! Kisha kikatokea kijiti kilichowaka moto bila kuteketea, na sauti, na fimbo iliyogeuka nyoka. Sasa angalieni Musa alimwambia nini mkwewe aliporudi nyumbani. Iko Kutoka 4:18. Aliomba ruhusa arudi Misri akaone kama ndugu zake wangali hai. Hilo tu. Hakutaja moto, hakutaja sauti, hakutaja kwamba alikuwa amekataa mara kadhaa mpaka hasira ya Bwana ikawaka. Yethro akamwambia aende kwa amani, na Musa akaenda, kisha yote makubwa yakatokea mzee hayupo.

Simlaumu Musa. Mambo mengine ukiyatoa mapema yanapondeka mdomoni. Lakini napenda kwamba Maandiko hayakuliacha jambo pale. Katika sura ya 18 mzee anafunga safari mpaka jangwani, anakuja na Sipora, mke wa Musa, na wana wao wawili. Gershomu, jina lenye maana ya ugeni, kwa kuwa baba yake alikuwa mgeni katika nchi ya ugeni. Na Eliezeri, kwa kuwa Mungu alikuwa msaada wake. Ukitaka kujua maisha ya Musa kwa kifupi, ita tu watoto wake waje.

Musa anatoka kumlaki. Anainama, anambusu. Wanaulizana habari. Halafu Biblia inaongeza jambo dogo ambalo nimelipita mara nyingi nikisoma: wakaingia hemani.

Kumbe habari zina sehemu mbili. Kuna za nje, za kusimama, za hujambo na u mzima na watoto hawajambo. Hizi tusizidharau, zina adabu yake, na Musa mwenyewe hakuziruka. Kisha kuna za ndani ya hema, mmeketi, na hakuna anayehesabu dakika. Humo ndimo Musa alipomsimulia mkwewe yote Bwana aliyomtenda Farao, pamoja na mazito yote yaliyowapata njiani.

Mazito gani? Rudini nyuma sura tatu tu mtayaona. Siku tatu baada ya kuvuka bahari, maji ya Mara yakawa machungu, watu wakamgeukia. Kisha njaa. Kisha Refidimu, kiu, mpaka Musa anamlilia Bwana kwamba watu wako karibu kumpiga kwa mawe. Kisha vita na Amaleki, na siku ile mikono ya Musa ikawa mizito, hawezi kuiinua, ikabidi waweke jiwe aketi, na Haruni na Huri waitegemeze, mmoja huku na mmoja huku, hata jua likatua. Mtu aliyepasua bahari anaketi mbele ya mkwewe anamwambia kwamba mikono yake ilichoka, akashikiliwa. Angeweza kuishia baharini. Bahari peke yake ilitosha kwa dakika tatu na makofi.

Na Yethro anafurahi! Aliyasikia yale mazito, na ndiye anayesema sasa najua ya kuwa Bwana ni mkuu kuliko miungu yote. Hakuwa mtoto, alikuwa kuhani, alishasikia habari za miungu mingi na ushindi mwingi. Mimi nafikiri ni zile habari za njiani zilizomfikisha hapo. Ukinisimulia ushindi mtupu nitakupongeza wewe. Ukiniambia maji yalikuwa machungu, na mikono ililegea, na bado uko hapa unazungumza, hapo namwona aliyekuvusha.

Tena kesho yake ni Yethro huyohuyo aliyemtazama Musa akiamua kesi za watu tangu asubuhi hata jioni, akamwambia waziwazi kwamba alifanyalo si jema, atadhoofika yeye na watu wake. Neno la namna hiyo hulipokei kwa mtu aliyeishia mlangoni. Hiyo ni tafakari ya siku nyingine, naiacha.

Kuna mtu mwingine katika Maandiko aliyeyaeleza maisha yake mara tatu, kila mara kivyake. Ni Yakobo. Katika Mwanzo 31 anamjibu Labani, aliyekuwa bosi wake na baba mkwe wake kwa pamoja, jambo ambalo simwombei mtu. Anamhesabia miaka 20: 14 kwa ajili ya binti zake, 6 kwa ajili ya wanyama. Mchana hari ilimla, usiku baridi, usingizi ukamkimbia. Mnyama akiraruliwa, hasara ni yake. Na ujira umebadilishwa mara 10. Yeyote aliyewahi kuajiriwa anaisoma sura hiyo akitikisa kichwa. Baadaye, Mwanzo 47, Farao anamuuliza umri wake. Yakobo anajibu kwa kifupi: miaka 130, michache na yenye taabu, wala haijafika ile ya baba zake. Anambariki mfalme, anatoka.

Halafu inakuja mara ya tatu, Mwanzo 48. Miaka 17 imepita akiwa Misri, yuko kitandani, macho mazito, Yusufu amemletea wanawe wawili. Anaweka mikono juu ya vichwa vyao na kumtaja Mungu aliyemlisha maisha yake yote hata siku ile. Lugha anayotumia ni ya malishoni. Mzee aliyemlalamikia Labani kuhusu baridi ya zizini anawaambia wajukuu kwamba muda wote ule na yeye alikuwa akichungwa.

Ile baridi naamini hakuisahau. Wala miaka 20 haikupungua kuwa 19. Ila kwa Labani alikuwa akidai, kwa Farao alikuwa akijibu kwa heshima, na kwa wale watoto alikuwa hana cha kudai wala cha kuficha. Jumamosi ile sisi tulijibu kama tulio mbele ya Farao, na huenda wengine wetu kichwani tulikuwa bado tunagombana na Labani.

Niseme na la Petro, maana nalo lilikuwepo ukumbini. Mwisho wa Injili ya Yohana, Petro ameshaambiwa atakavyokufa, anageuka, anamwona mwenzake anafuata, anauliza: Bwana, na huyu je? Akaambiwa, imekuhusu nini wewe? Wakati wa yale makofi nilijikuta nampima kila aliyesimama. Huyu amenipita. Huyu nimempita. Huyu tulikuwa sawa, imekuwaje? Na nikiri, dada yule aliposema hakufanya kazi, kabla ya huruma kulitangulia jambo jingine moyoni, dogo na baya: nilijiona nimefika mbali. Bwana na anisamehe.

Jumanne jioni nikatafuta namba yake, nikampigia. Nikamwambia kwamba tulimpita haraka siku ile na halikuwa jambo la kiungwana. Akacheka, akasema mbona amezoea. Nikamwambia nina muda, anisimulie.

Akanisimulia. Mama yake alipooza upande mmoja, kisha akashindwa kabisa kunyanyuka. Mgonjwa wa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili au karibu na hapo, usiku na mchana, la sivyo mwili unaolalia mahali pamoja huanza kuoza vidonda. Aliweka saa ya kumwamsha. Alijifunza kumlisha akiwa ameinuliwa kifua, asipaliwe. Alijifunza kuusikiliza upumuaji wa mtu gizani na kujua kama ni usingizi au ni shida. Mwaka wa pili mama akaanza kumsahau, akamwita kwa jina la dada yake aliyefariki utotoni, naye akaitika kwa jina hilo miaka saba. Alisema, "Kuna usiku nilimgombeza. Nilimgombeza mtu asiyeweza hata kugeuka. Halafu nikamgeuza, nikakaa sakafuni nikalia, na yeye akaniuliza, mwanangu, nani kakuudhi?"

Sikuwa na neno. Miaka mitatu sasa mama hayupo, na bado saa nane za usiku macho yanafunguka yenyewe, miguu inatafuta viatu.

Wapendwa, mwenzetu muuguzi tulimpigia makofi kwa kazi hiyohiyo, na aliyastahili. Kazi ya namna ile ikiwa na mshahara na zamu, tunaiita kazi. Ikiwa ni ya nyumbani, mwenye kuifanya anasimama nusu na kusema sikufanya kazi. Nadhani wengi wanaosoma tafakari hii wana miaka kama hiyo ambayo hawaijui waiandike wapi: ya kuuguza, ya kulea, ya kutafuta kazi isiyopatikana, ya biashara iliyofungwa. Zaburi ya 90, ambayo kichwa chake kinasema ni sala ya Musa, inaomba tufundishwe kuzihesabu siku zetu. Siku zetu, zote. Sioni humo ruhusa ya kuruka baadhi.

Na hapo ndipo nilipokamatwa. Tulikuwa tunaagana, nimeshamshukuru, nimeshamwambia tutaombeana, akasema, "Ngoja kwanza, bwana mhasibu."

"Naam."

"Siku ile nilikusikiliza vizuri, maana nilikuwa najua nakufuata, natafuta la kusema. Ulitaja mwaka ulioanza ukarani, ukataja mwaka uliopandishwa, ukataja mwaka ulioingia hapo ulipo. Nimejumlisha. Kuna miaka miwili haimo."

Nikanyamaza. Watu wangu wa nyumbani wanajua habari ile, na mchungaji anajua nusu yake. Miaka 27 darasa letu lote halikuijua, na mimi nilikuwa nimeipanga vizuri isionekane, kama mtu anayejua kazi ya vitabu vya hesabu.

"Kama hutaki, basi," akasema. "Ila mimi pia nina muda."

Nikafunga mlango wa chumba, nikaketi, nikaanza kumsimulia kuanzia asubuhi ile nilipofika kazini nikakuta meza yangu imeshahamishwa.