Mmea Wangu Ulivyogoma Kutoa Mitungi

Mara ya kwanza kutafuta msaada niliishia kwenye besiboli. Mmea wangu kwa Kiingereza huitwa pitcher plant, yaani mmea wa mtungi, nami kwa haraka niliandika mtandaoni neno la kwanza tu: kwa nini pitcher wangu amedhoofika? Nikashauriwa nimpumzishe siku nne na bega nilikande kwa barafu. Kumbe Wamarekani humwita hivyo mrushaji mpira, yule anayesimama mita 18.44 kutoka kwenye kibao cha mpigaji. Nilicheka, lakini tatizo lilibaki palepale.

Mmea ulipofika kwangu ulikuwa na mitungi sita yenye midomo myekundu. Miezi mitatu baadaye umebaki mmoja. Majani mapya yalikuja, kila moja na ncha iliyorefuka kama uzi, na mwisho wa uzi kitufe kidogo kilichokauka kabla hakijavimba.

Nikajua ni njaa. Si mmea unaokula wadudu? Nikatumbukiza kipande cha nyama kwenye ule mtungi uliobaki. Siku ya tatu nyama ilinuka na mtungi ukaoza nayo. Nikatia mbolea, majani yakaungua kingo. Na kabla ya yote hayo nilikuwa nimeshaimwaga mitungi mingine nikidhani ndani yake mna maji yaliyotuama. Kumbe umajimaji ule mmea huutengeneza wenyewe, tangu kifuniko hakijafunguka, na ndimo vilimo vimeng'enya vya kuyeyushia wadudu. Kwa ufupi, nilimwaga tumbo lake.

Nilichopaswa kuuliza tangu mwanzo ni kwao ni wapi. Jamii hii, Nepenthes, imejaa zaidi Asia ya Kusini-Mashariki, hasa Borneo. Madagaska pia ipo, na Mfaransa Étienne de Flacourt aliieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1658. Shelisheli kuna aina inayoota kwenye miamba ya matale. Hapo ndipo nilipoelewa. Mmea ulioumbwa kuishi kwenye ufa wa jiwe haujui mbolea ni nini. Unawinda wadudu kwa sababu mizizi haiokoti naitrojeni wala fosforasi ya kutosha. Mimi nilikuwa naulisha kwa mlango usio wake.

Basi nikauhamisha. Udongo wa bustani nikautupa, nikachanganya sifagnamu, mmea mdogo laini wa kinamasi unaoshika maji kama sifongo, na punje nyeupe za perlaiti ili hewa ipite. Mizizi ilikuwa myeusi, miembamba kama nywele. Nusura niikate nikidhani imeoza, lakini ndivyo ilivyo hata ikiwa mizima. Maji ya bomba nikaacha. Chungu kilikuwa kimeshafanya ukoko mweupe wa chumvi, na chumvi hizo ndizo mizizi ya namna hii isizozivumilia. Nikakinga ya mvua.

Lakini ningeambiwa nichague kosa moja kubwa, ningesema ni mwanga. Nilikuwa nimeuweka kwenye kona kwa sababu ulipapendezesha. Majani huweza kustawi hata penye mwanga hafifu, yakawa ya kijani na makubwa, yakakudanganya kwamba mambo ni shwari. Mitungi ndiyo inayokatika kwanza. Nikausogeza dirishani penye jua la asubuhi, mchana nikashusha pazia jembamba. Hewa ilikuwa kavu pia, hivyo nikaupanga katikati ya mimea mingine, majani yao yatoe unyevu kwa pamoja.

Kisha ikaja kazi ngumu, ya kutofanya kitu. Jani hutoa mtungi mmoja tu maishani. Kitufe kikishakufa hakifufuki. Kwa hiyo kila jani nililoliharibu lilikuwa limeshapotea, na ilinibidi kusubiri mapya. Wiki ya sita, hakuna. Wiki ya tisa kitufe kimoja kikaanza kuelekea juu na kuvimba. Nikawa nakikagua kila asubuhi kama mgonjwa, bila kukigusa.

Kifuniko kilipofunguka, mdomo ulikuwa bado laini na mwembamba. Siku chache baadaye ukajikunja kwa nje na kupata wekundu. Mdomo huo ukilowa huteleza kupita kiasi. Sikutia chochote. Siku moja nikachungulia, nikakuta sisimizi wawili wanaelea.

Sasa mmea una mitungi minne. Yale majani ya zamani yaliyoungua kingo bado yapo, na nyuzi zake zinaning'inia tupu.