Kilima kifupi cha A1

Basi la usiku kutoka Hanoi lilinitapisha mara mbili kwenye kona za mlima Pha Din. Alfajiri nikashuka Dien Bien Phu, mji wa Vietnam ambako Wafaransa walishindwa vitani mwaka 1954, miguu imevimba.

Nilitarajia kushangazwa na milima. Kumbe kilichonishangaza ni kilima cha A1, ambacho Wafaransa walikiita Eliane 2: kifupi mno, nilikipanda hata jasho halijanitoka. Hapo ndipo watu waliuana kwa zaidi ya mwezi mzima, kuanzia 30 Machi 1954. Juu kuna kifaru kibovu, mahandaki, na shimo pana lililoota majani. Viet Minh, wapiganaji wa Vietnam waliodai uhuru, walichimba njia chini kwa chini, wakashindilia karibu kilo 1,000 za baruti, wakailipua usiku wa 6 Mei.

Wafaransa walishuka bondeni kwa miavuli Novemba 1953, wakaamini hakuna wa kupitisha mizinga mizito kwenye misitu ile. Viet Minh waliipitisha, wakiikokota kwa kamba. Januari ilikuwa imeshafikishwa, kamanda wao, Jenerali Vo Nguyen Giap, akaahirisha shambulio, ikakokotwa tena kurudi nyuma! Sijui ningesema nini kama ningekuwa mmoja wa wavuta kamba siku hiyo.

Makumbusho nililipita haraka, isipokuwa baiskeli moja iliyonigandisha: usukani umeongezwa mwanzi, kwa sababu haikupandwa bali ilisukumwa, na mzigo wa zaidi ya kilo 200. Mizinga ilipoanza kunguruma 13 Machi, Kanali Piroth, mkuu wa mizinga wa Ufaransa aliyejigamba kuwa angeinyamazisha, alijiua kwa bomu la mkono siku chache baadaye.

Nikavuka daraja la Muong Thanh hadi handaki la Jenerali de Castries, kamanda wa Wafaransa. Humo alikamatwa jioni ya 7 Mei. Kesho yake, mkutano wa Geneva ukaanza kuijadili Indochina. Kati ya askari wa de Castries walikuwemo Waalgeria na Wamoroko. Novemba mwaka huohuo, Algeria nayo ikawaka vita dhidi ya Ufaransa.

Kabla ya kuondoka nilirudi kwenye makaburi ya askari wa Viet Minh, karibu na A1. Mawe safu kwa safu, karibu yote bila jina. Bibi mmoja alikuwa akichomeka udi, kijiti kimoja kila kaburi, haruki hata moja.