Kishada Kilinifundisha Vibaya

Ndege yangu ya kwanza ya rimoti ilikaa angani kwa muda unaotosha mtu kusema "bismillahi" na kushusha pumzi. Niliirusha kwa mkono asubuhi moja ya Jumapili, katika kiwanja cha mpira kilichopo pembezoni mwa mji wa Tanga, kabla upepo wa bahari haujaanza kuvuma. Ilikwenda mbele kama mita kumi, ikainua pua; nikasukuma kijiti cha rimoti ili niishushe, nayo ikazidi kuinua, ikasimama wima kama inayotaka kukwea mnazi, ikalalia mgongo, kisha ikaja chini moja kwa moja. Bawa la kushoto lilikatika katikati. Mpwa wangu, aliyekuwa na miaka 11 wakati huo na aliyeshika simu ili arekodi, aliniuliza kwa adabu zote: "Mjomba, ndiyo imekwisha?"

Ilikuwa imekwisha, na miezi kadhaa ilipita kabla sijaelewa kwamba ilikwisha tangu ilipokuwa mezani. Wengi wanaoniuliza kuhusu mchezo huu huanza na rimoti: inafika umbali gani, ina vijiti vingapi, inauzwa bei gani. Siku hizi rimoti ndiyo sehemu isiyo na shida. Zamani watu wawili wakiwasha rimoti zenye masafa ya redio yaleyale uwanjani, ndege ya mmoja wao ilikuwa imeshaanguka; rimoti za sasa za gigahezi 2.4 hutambuana na vipokezi vyake zenyewe na haziingiliani. Ndege huanguka kwa sababu nyingine, na kwangu mimi sababu hiyo niliibeba kichwani tangu utotoni.

Nimezaliwa na kukulia pwani, na mtoto wa pwani huijua hewa kwa kurusha kishada, ambacho wengine hukiita tiara. Tulikiunda kwa vijiti vya chelewa na karatasi, tukakigandisha kwa uji mzito wa unga wa ngano, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba kishada kikianza kuyumba na kujizungusha dawa yake ni kukiongezea mkia. Kipande cha kanga kuukuu kilichofungwa mafundo mafundo kilitibu karibu kila ugonjwa. Kwa hiyo nilipokuwa nikiunda ndege yangu na kuona mkia wake umekaa kinyonge, niliuimarisha kwa vijiti vya mishikaki pande zote mbili, nikaupaka gundi ya moto bila huruma, kisha nikaziweka sevo zote mbili, yaani vimota vinavyopindisha usukani, hukohuko nyuma, karibu na usukani zinaouendesha, kwa hoja kwamba waya mfupi huvuta vizuri zaidi. Nilijiona fundi. Niliamini kuwa mkia uliotulia ndio unaokituliza chombo kizima.

Kishada na ndege vinatofautiana kwa uzi. Kishada kimefungwa: upepo unakisukuma, uzi unakizuia, na mkia unaoburutwa nyuma yake unakirudisha mahali pake kila kinapotaka kugeuka. Ndege haina pa kujishikiza. Imebebwa na mabawa yake tu, na inapotikiswa na upepo huzunguka kwenye nukta moja, ambayo ni kitovu cha uzito wake. Nukta hiyo ikiwa mbele ya kutosha, kila upepo unapoinua pua, nguvu ya ziada inayozaliwa kwenye bawa na mkia hutokea nyuma ya nukta, ikaunyanyua mkia na kuirudisha pua chini pasipo mtu kugusa kitu. Nukta ikirudi nyuma kupita kiasi, nguvu ileile hutokea mbele yake, ikaichukua pua iliyokwisha kuinuka na kuiinua zaidi. Hapo anayeongoza, hata akiwa hodari namna gani, anashindana na chombo ambacho kila kosa dogo hulikuza kuwa kubwa kabla kidole hakijafika kwenye kijiti.

Kwa ndege ya kawaida yenye bawa lililonyooka, mahali salama pa kuanzia ni kati ya asilimia 25 na 30 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa langu lilikuwa na upana wa sentimita 20, maana yake nilipaswa kuipata nukta kwenye sentimita 5 au 6. Nilipoyaunganisha mabaki kwa selotepu, nikaweka ncha za vidole viwili chini ya bawa, huku na huku, na kuvisogeza taratibu mpaka ndege ikakaa sawa bila kulalia pua wala mkia, vidole vilikuwa kwenye sentimita 9. Warushaji wazoefu wana msemo kwamba ndege yenye pua nzito huruka vibaya, na yenye mkia mzito huruka mara moja tu. Yangu ilikuwa imetimiza mara yake.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa ya kivivu. Nilichukua machubwi matatu ya mshipi wa kuvulia wa baba, nikayabandika puani, nukta ikasogea mbele, na ndege ikawa nzito kama tofali. Ndipo nilipokaa na kalamu. Kutoka kwenye kitovu hadi ncha ya mkia kulikuwa na sentimita 60. Kutoka kitovu hadi pua, sentimita 20. Ni mizani ambayo mkono wake mmoja ni mrefu mara tatu kuliko mwingine, kwa hiyo kila gramu 10 unayoiacha mkiani inadai gramu 30 puani, na zote 40 zitabebwa na bawa. Gundi yangu ya moto, vile vijiti vya mishikaki na zile sevo mbili vilikuwa vimenikopesha kwa riba ya mara tatu.

Ndege ya pili niliianza upya, kwa ubao wa foamu wa milimita 5, ule ambao mafundi wa mabango huutumia, wenye karatasi pande zote mbili. Wanaosoma vitabu vya mchezo huu watasikia habari za balsa, mti mwepesi ambao kwa sehemu kubwa hutoka Ekuado. Ni mti mzuri, lakini kuuagiza kutoka ng'ambo ni gharama, na foamu ya mabango ninaipata kwa kutembea. Siri yake ni kubandua karatasi ya upande mmoja pale unapotaka kupinda, kwa kuilowesha kidogo na kuivuta polepole, kisha unaukunja ubao juu ya ukingo wa meza mpaka bawa lipate mgongo. Mara hii sevo zilikaa chini ya bawa, na usukani wa mkia ukaendeshwa kwa kijiti kirefu cha mshikaki chenye waya mwembamba kila ncha. Mkia wenyewe niliuacha mtupu kabisa. Betri ya seli tatu, volti 11.1, yenye gramu 180 hivi, ndiyo iliyokuwa kitu kizito kuliko vyote, kwa hiyo nikaifanya kuwa chubwi langu: niliisogeza mbele na nyuma mpaka vidole vikakubali sentimita 5 na nusu, nikaizungushia mstari wa kalamu mahali pake. Ndege nzima ilikuwa na gramu 850. Ilipanda bila kelele, ikageuka, ikarudi, na nilipoachia vijiti vyote kwa sekunde chache iliendelea kwenda yenyewe. Nakiri kwamba nilipiga ukelele usioendana na umri wangu.

Kila ninaposhawishika kuongeza kijiti cha "kuimarisha", humkumbuka Mmarekani Maynard Hill. Mwezi Agosti 2003, akiwa na miaka 77 huku macho na masikio yake yakiwa yamechoka karibu kabisa, ndege ndogo aliyoiunda kwa balsa na kuiita TAM-5 ilirushwa kutoka Cape Spear, Newfoundland, nchini Kanada, ikaivuka Atlantiki na kutua karibu na Clifden, Ireland, baada ya saa 38 na dakika 52, mwendo wa takriban kilomita 3,030. Juu ya bahari ilijiongoza kwa mtambo uliofuata setilaiti. Ilipofika pwani mwenzake aliyekuwa akiisubiri aliichukua kwa rimoti na kuitua. Ndege zake kadhaa zilizotangulia hazikufika. Kilichonishika ni kwamba kanuni za rekodi hazikuruhusu izidi kilo 5 pamoja na mafuta, na mafuta yenyewe yalikuwa karibu nusu ya uzito huo. Fikiria chombo ambacho karibu nusu yake itaungua njiani na kitovu chake hakitakiwi kuhama!

Mwaka juzi nilihamishiwa Iringa kikazi, nikaenda na ndege yangu ndani ya boksi la televisheni. Siku ya kwanza niliirusha kama nilivyoizoea, ikazama nusura iguse majani kabla haijapata nguvu. Nilipokuja kuitua kwa mwendo niliouzoea Tanga, ilidondoka kutoka kimo cha mtu mzima na kuvunja pangaboi. Nilipima nukta, ilikuwa palepale. Betri ilikuwa imejaa. Kilichobadilika ni hewa: Iringa ipo takriban mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa ina uzito wa kama asilimia 86 tu ya hewa ya pwani. Pangaboi linasukuma hewa nyepesi, kwa hiyo nguvu inapungua, na bawa nalo linahitaji mwendo wa zaidi kwa asilimia 8 hivi ili libebe uzito uleule. Asilimia 8 inaonekana ndogo, lakini anayeongoza ndege akiwa amesimama chini hana kipima mwendo ila macho, na macho yangu yalikuwa bado ya Tanga. Ili ndege itue kwa mwendo wa pwani ningelazimika kuipunguza gramu 120 hivi, sikuzipata. Nilibadilisha pangaboi la inchi 9 nikaweka la inchi 10, baada ya kuhakikisha mota haichemki, na nikajifunza kuja kutua kwa kasi kidogo hata pale moyo unaponiambia inatosha.

Suala la kibali nitalisema kwa ufupi. Chombo kinachoruka bila rubani ndani yake hakirushwi nchini kwetu kwa kujiamulia, na pa kuanzia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ulizeni kabla ya kuagiza vifaa, si baada ya kuvilipia.

Likizo iliyopita mpwa wangu alikuja Iringa. Yeye ndiye msimamizi wa ukaguzi sasa: haturushi mpaka atamke "kulia, kushoto, juu, chini" na kuona kila usukani ukimtii. Alikuja na ombi kwamba tuifunge ndege utepe wa kanga mkiani, mwekundu, ili ionekane vizuri ikiwa mbali. Nilisita, kisha nikamwambia aupime kwenye mizani ya jikoni. Ulikuwa na gramu 4. Alipiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi, akafungua kifuniko, akaisogeza betri mbele sentimita moja na kidogo, akachora mstari mpya wa kalamu pembeni mwa ule wa zamani, na kunikabidhi ndege niijaribu kwa vidole vyangu. Ilikaa sawa.