Kikombe cha maji kabla ya kuwasha boila

Boila yetu mpya ya gesi ilipokwisha kutundikwa ukutani na mabomba yote kufungwa, nilidhani kilichobaki ni fundi kubonyeza kitufe. Badala yake aliomba kikombe cha maji. Aliyamimina taratibu kwenye tundu la kutolea moshi mpaka saifoni ikajaa, yaani kile kijibomba kilichopinda ambacho hukaa na maji wakati wote, kisha akanieleza kwamba bila maji hayo moshi ungepita kwenye bomba la kutolea maji na kuingia ndani ya nyumba. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika boila ya aina hii, iitwayo boila ya mtonesho, yanayotoka nje ya mtambo, moshi na maji, yanahitaji uangalifu sawa na ule tunaoupa moto wenyewe.

Maji hayo yanayotoka kwenye mtambo yanatokana na gesi. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na kila mita 1 ya ujazo ikiungua huzalisha takriban kilo 1.6 za maji yaliyo katika hali ya mvuke. Boila za zamani ziliutupa mvuke huo nje pamoja na joto lake, ilhali boila ya mtonesho huupoza moshi kwa maji yanayorudi kutoka kwenye radieta (mabamba ya kupashia vyumba joto), na maji hayo yakiwa chini ya nyuzi joto 55 hivi, mvuke hugeuka kuwa matone na kuliachia joto lililokuwa ndani yake. Anayeirekebisha boila ili maji yarudi yakiwa na nyuzi 70 amenunua mtambo wa mtonesho usiotonesha. (Matangazo yanayotaja ufanisi wa asilimia 108 si muujiza: hesabu yake hufanywa kwa kipimo kisichojumuisha joto la mvuke.)

Maji hayo ya mtonesho yana asidi, kwa kawaida pH ya kati ya 3 na 5, kwa hiyo bomba lake huwa la plastiki, kwa kuwa shaba na chuma cha kawaida huliwa polepole. Bomba hilo linapaswa kuinama kiasi cha sentimita 5 kwa kila mita, na likipita nje mahali penye baridi kali liwe fupi, pana na lililofungwa vizuri lisipoteze joto, kwa sababu barafu ikiliziba maji hurudi nyuma na boila hujizima. Asidi hiyohiyo ndiyo inayokataza kuuelekeza moshi moja kwa moja kwenye dohani ya zamani ya matofali, kwani unyevu hupenya ukutani na kuila saruji.

Bomba la moshi lilituchukulia muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Letu ni la aina ya bomba ndani ya bomba: la ndani hutoa moshi, na nafasi inayolizunguka huingiza hewa safi. Fundi alichomeka kipimo kwenye tundu la hewa safi, ambako oksijeni ilipaswa kusomeka karibu na asilimia 20.9, lakini kikaonyesha 19.4. Moshi ulikuwa unavuja ndani kwa ndani na kurudi kwenye moto, jambo linaloharibu uunguaji na kuweza kuzalisha kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushikamana na himoglobini, kile kinachobeba oksijeni katika damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Alifungua maungio na kukuta mpira wa kuzibia umejikunja. Aliulainisha kwa maji, akaurudisha mahali pake na kupima upya. Ilimchukua dakika 20, na mwenye haraka asingegundua chochote, kwa kuwa boila ilikuwa inawaka vizuri kabisa. King'ora cha kaboni monoksaidi tulikiweka siku hiyohiyo.

Kuhusu gesi yenyewe nitasema machache, kwa sababu si kazi ya mwenye nyumba. Fundi awe na kibali, bomba liwe na upana unaoitosha boila ikiwaka kwa nguvu zote, na maungio yote yapimwe kwa presha, kisha kwa povu la sabuni; kamwe yasipimwe kwa kiberiti. Anayetumia gesi ya mitungi akumbuke kwamba ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, kwa hiyo chumba kilicho chini ya ardhi hakifai.

Kila mwaka boila hufunguliwa kwa matengenezo. Mara ya mwisho saifoni ilikutwa na tope jeusi chini yake. Fundi aliiosha kwenye ndoo, akairudisha, na kabla ya kuwasha akaomba tena kikombe cha maji.